Wageni wa Kinu

Mimi ni mtu wa kushtuka. Mlango ukibamizwa na upepo, nishashtuka. Simu ikilia mkobani, nishashtuka. Marehemu mama yangu alikuwa akisema roho yangu iko juujuu kama maziwa yaliyo karibu kufurika. Lakini nikiipima mishtuko yote niliyoipata tangu tuhamie Mabela, huku Uarabuni, naona mingi nimetiwa na mtu mmoja, mzee wa nyumba ya pili kutoka kwetu, na ule wa mwisho bado umekaa hapa kifuani, haujatoka.

Nitamwita Jirani. Jina analo, tena zuri. Sisi nyumbani tunamwita Ami kwa heshima ya umri wake, na watu wengine wote wa mtaa wanasema "jirani" tu, kana kwamba hakuna jirani mwingine. Na kweli hakuwapo. Mabela ni mahali pa nyumba mpya na kuta ndefu. Mtu anafungua geti kwa kitufe, anaingia na gari, geti linajifunga nyuma yake, basi mtaonana Idi.

Asubuhi yetu ya kwanza pale, hata vyombo hatujavitoa kwenye makartoni, nilisikia chuma kinagongwa nje. Ting, ting, halafu ting-ting-ting mbio mbio. Nikajua tunavunjiwa geti. Nikamtuma mume wangu akatazame. Akaenda, asirudi. Nikajitanda, nikatoka na mwiko mkononi na roho mdomoni, nikamkuta mume wangu kakaa kitako kwenye mkeka nje ya nyumba ya watu, finjani mkononi, anatafuna tende. Mbele yake mzee mmoja mwembamba alikuwa amekibana kinu cha shaba katikati ya miguu, anatwanga kahawa.

"Umechelewa, mwanangu," aliniambia, wala hakuushangaa mwiko. "Kinu kishakwita zamani."

Ndivyo nilivyoijua kanuni yake. Zamani, alisema, kahawa ilitwangwa mlangoni makusudi, ili sauti ya kinu ifike. Anayeisikia keshaalikwa, hapigiwi simu, haandikiwi ujumbe. Nilimwambia kwamba siku hizi kahawa inauzwa dukani imeshasagwa, ina iliki yake ndani. Akanitazama kwa huruma.

"Kahawa ya mashine haina sauti," akasema. "Watu watajuaje kama nna kahawa?"

Kwa hiyo kila siku baada ya sala ya alfajiri kinu kililia, na waliotaka walikuja. Dereva, daktari, mlinzi wa jengo linalojengwa, yeyote. Na hapa ndipo penye kitu ambacho kwa miaka mingi kilinichekesha, na kikanikera, na sasa siwezi kukifikiria bila mwili kunisisimka. Jirani hakumuuliza mgeni jina lake, wala atokako, wala kilichomleta. Mgeni akitaka kujitaja, atajitaja. Kumuuliza kabla hajataka, kwake yeye, ilikuwa sawa na kumpekua mifuko.

Mwaka mmoja, katika joto la mwezi wa sita, kiyoyozi chetu kilikufa. Tukamwita fundi. Tukangoja asubuhi, tukangoja adhuhuri, watoto wamelala sakafuni kwenye vigae kama samaki sokoni. Fundi hapokei simu. Alasiri nikampelekea mkewe Jirani, Bi Zuweina, sahani ya vileja, nikamkuta fundi yuko sebuleni kwao kalala, sanduku la spana chini ya kichwa chake, keshakula wali na papa. Alikosea nyumba. Akakaribishwa, akala, akaona haya kuondoka mapema. Nilipiga ukelele mpaka akaamka.

"Ami, hukumuuliza amefuata nini?"

"Mgeni?" Jirani alishtuka kuliko mimi. "Nimuulize amefuata nini?"

Methali moja tu ya Kiswahili aliichukia, ile ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Alisema aliyeitunga hakuwa na jembe wala chakula. Mimi nilikuwa namchokoza nayo kila nikipata nafasi, hasa kwa ajili ya wale wageni wake wengine, wa shambani.

Shamba lake liko nje ya mtaa, nyumba zinapokwisha na wadi, lile bonde kavu la mto, linapotoka milimani. Alipotualika Ijumaa moja alasiri, nilibeba kikapu. Nilidhani nitarudi na ndimu, maembe, labda na mitende midogo ya kupanda. Nilikuta majani. Majani matupu! Utepe mwembamba wa kijani, mrefu, umejipinda kufuata migunga ya wadi, na ndani yake hamna hata mche wa pilipili.

"Usitafute," Bi Zuweina aliniambia, akakiangalia kikapu changu, akacheka. "Mimi nna mume mwenye shamba, na kitunguu nnanunua Matrah."

Jirani akatuweka chini nyuma ya kibanda, akatuambia tunyamaze. Akakitoa kinu chake, maana alikuwa na kingine cha huku, kikubwa zaidi, akakiweka juu ya jiwe bapa, akagonga. Ting, ting, ting-ting-ting. Nikafikiri anatutwangia kahawa. Mara naona kilima kinatembea. Rangi ya mawe ikajitenga na mawe, ikawa na miguu, ikawa na masikio, wakashuka paa mmoja nyuma ya mwingine, shingo nyembamba, mistari myeusi ubavuni, wakaja mpaka kwenye majani wakainama wakala, karibu nasi kiasi cha kuwasikia wanavyokata majani. Paa wa porini hasa, si wa kufugwa. Nikapiga ukelele. Wakatawanyika.

"Subhanallah," alisema Jirani, na hiyo ndiyo siku pekee niliyowahi kumuona amenikasirikia. "Wageni wamefika, wewe unawapigia kelele."

Nilijifunza kunyamaza, na nikajifunza mengi mengine, kwa sababu alipenda kufundisha. Shamba alikuwa ameligawa majaluba matatu. Moja analipanda majani yale ya mifugo ambayo Waarabu huyaita gatt, moja shayiri ya majira ya baridi, na moja linapumzika. Gatt akiikata kabla haijatoa maua, ichipue upya, laini. Hakupata kuwamwagia paa chakula chini. Alisema ukimmwagia mtu chakula chini umemfanya kuku. Mpandie, ajichumie mwenyewe. Maji ya kisima chake yana chumvi, kwa hiyo alinunua maji matamu ya gari, akayachanganya, na kila mara akiyaonja kwa ulimi kabla ya kuyafungulia. Uzio aliuinua juu, chini akaacha wazi, ngamia wasipite na paa wapite. Mbuzi nao wakapita. Mbuzi wa watu ndio waliokuwa maadui zake duniani. Aliwakimbiza kwa kandambili, mzee mzima, akiwatukana wazazi wao.

Na bado mbuzi huyo huyo akimpata kwenye shuwa, nyama ya Idi ya kuokwa shimoni, anamla kwa raha. Alikuwa na jibu: mbuzi kaumbiwa sahani. Ukutani mwa sebule yake pametundikwa pembe nyingi za paa, nyeusi, zimepangwa vizuri. Nilipoziuliza nilitegemea kuambiwa ameziokota. "Nliwaua mimi," akasema, akaendelea kumenya chungwa. "Ujanani. Hao kwanza, hawa wa shambani baadaye." Hakusema kwamba anajuta, wala hakuonekana mtu anayejuta. Mimi ndiye niliyeacha chungwa langu kwenye sahani.

Kitu kimoja alikirudia sana. Shamba la paa, alisema, lisiwe pana. Paa hali katikati ya uwanja. Anakula akiona pa kukimbilia. Ndiyo maana ule utepe aliupinda ukafuata miti, kila jani liwe hatua chache kutoka kwenye kificho. Woga wao ndio ukuta wao, alisema. Nakumbuka nilimtazama akisema hivyo huku mchi wa shaba uko mkononi mwake, na halikunijia wazo hata kidogo. Leo naliona wazi kama jua: mkono mmoja ulikuwa unawajengea ukuta, na mkono wa pili unaubomoa.

Waliokuwa na wazo walisema. Alikuja ofisa wa mazingira, kijana mpole, akamweleza kwamba wanyama wasizoeshwe kuitwa. Jirani akamnywesha kahawa, akamsikiliza kwa adabu, akamuitia paa. Ofisa akapiga picha, akasisitiza tena, akaondoka. Na alikuwapo Wafula, Mkenya, dereva wa gari la maji matamu, anayeishi Darsait na kulalamika kila siku juu ya foleni ya magari.

"Mzee, hawa swala wako wamezoea watu vibaya," Wafula alimwambia mbele yangu. "Huku kuna watu na bunduki, na sheria wanaijua vizuri, na bado. Mnyama akikuja akiitwa, huyo si wa porini tena. Huyo ni kitoweo."

"Nani atawaita? Kinu changu wanakijua wao."

"Kinu ni chuma, mzee. Chuma hakina sauti ya mtu."

Jirani akacheka, akamwongeza tende. Nami nikaingiza yangu: "Ami, mgeni siku mbili. Hawa wana miaka, hujawapa jembe."

"Jembe lao nnalishika mimi," akajibu. Tulicheka sote.

Paa mmoja nilimpenda kuliko wote. Jike, pembe yake moja imekatika nusu, nikamwita Kipembe. Jirani hakuwapa majina, alisema si paka. Lakini Kipembe ndiye aliyetangulia kushuka kila mara, na Jirani akimuona ataguna kidogo, kama mtu anayemuona nduguye ametelemka kwenye teksi.

Wageni ambao ni watu nao waliongezeka. Mmoja aliwarekodi paa kwa simu, akaipeleka video kwa jamaa zake, nao wakaipeleka mbele, wakaanza kuja watu tusiowajua kutoka Sib, kutoka Matrah, familia na watoto. Jirani alifurahi kupita kiasi. Bi Zuweina alichoka kuosha finjani, akawa anasema mgeni njoo mwenyeji apone, ila mwenyeji huyu haponi, anaumwa mgongo. Wote walikaribishwa. Hakuna aliyeulizwa kitu.

Asubuhi ile, kabla jua halijapanda, simu yangu ililia. Alikuwa Wafula. Wala hakunisalimia.

"Mama, uko na mzee?"

Nikamwambia mzee nasikia kinu chake hapa nje, anatwanga. Wafula akasema, "Basi aliyekuwa anapiga huku shambani ni nani?"

Alikuwa ameleta maji mapema akwepe foleni. Akiwa bado barabarani, madirisha wazi, alikisikia kinu, akadhani Jirani amewahi. Kisha akasikia bunduki. Alipofika aliona pikapu nyeupe inakata wadi kwa kasi, turubai nyuma linapepea.

Nilikwenda na Jirani. Ningetamani nisiende. Majani ya gatt yalikuwa yamelala, yamelowa damu, nzi washafika. Mizoga ilichukuliwa, wameacha kwato na matumbo, na kitoto kimoja kidogo ambacho hakikuwa na nyama ya kumshughulisha mtu. Damu haikuwa njiani wala vichakani. Ilikuwa palepale pa malisho, pamoja. Hawakukimbia! Hilo ndilo lililonikata maini. Risasi ya kwanza imepigwa na wao hawakukimbia upesi, kwa sababu kinu kilikuwa kimeita, na kinu hakijawahi kuwadanganya.

Kinu chenyewe kilikuwa juu ya jiwe lake bapa, mchi umelazwa pembeni kwa upande ule ule alioulaza Jirani siku zote. Aliyekitumia alikuwa amefundishwa.

"Wale wawili," Jirani akasema. Akakaa chini kwenye udongo. "Wiki iliyopita. Vijana wazuri, wana adabu. Mmoja akaniomba apige yeye, nkampa mchi. Nkamwambia, polepole kwanza, halafu mbio."

Askari walikuja, wakapima alama za matairi, wakamfuata sebuleni kwake, wakauliza vizuri tu. Vijana hao majina yao nani? Hajui. Wa wapi? Hajui. Namba ya gari? Hakuitazama. Yule askari mkubwa aliiweka kalamu chini.

"Mzee, umekaa nao kutoka alasiri mpaka magharibi. Wamekula kwako. Hukuwauliza hata jina?"

"Walikuwa wageni," alisema Jirani. Askari akanitazama mimi, nami nikatazama ukuta wenye pembe. Vijana wale hawajapatikana mpaka leo.

Kesho yake niliamka na sikujua kilichoniamsha. Nikalala nasikiliza, mpaka nikatambua: kimya. Mkeka haukutandikwa, wala siku ya pili, wala wiki ile, wala mwezi ule. Bi Zuweina alinunua kahawa ya dukani, ya pakiti. Nilipomtembelea nilimkuta Jirani ameketi chini ya pembe zake, ananishukuru kwa kuja, ananiuliza habari za watoto, mtu wa adabu kama kawaida, ila macho hayako. Nilimwonea uchungu, na nilimkasirikia pia, nakiri. Kuna saa nilitaka kumtikisa mabega nimwambie ungeuliza jina moja tu, Ami, jina moja.

Majira ya baridi yalipoingia, alasiri moja akabisha geti letu. Alikuwa amekibeba kile kinu kikubwa, amekifunga taulo.

"Mwanangu, una nafasi? Nataka mtu wa kunipigia kinu."

Furaha niliyoipata! Nilijua amepona. Nikajitanda haraka, nikafunga tende kwenye kibakuli, nikatia kahawa kwenye chupa, nikamuuliza kama Bi Zuweina anakuja.

"Kakataa," alisema, na mimi katika furaha yangu sikuuliza kwa nini. Labda nami nilikuwa nimeshaambukizwa.

Shamba lilikuwa limekauka. Maji alishayafunga, majaluba yamepasuka, gatt imekuwa vijiti. Karibu na kibanda palikuwa na chungu ya mawe, kiasi cha ngumi, yamekusanywa vizuri. Nikafikiri anajenga.

"Wengi washajua kukiogopa kinu," alisema. "Wamebaki wabishi wachache. Nkipiga mwenyewe, mpaka niuweke mchi nishike jiwe, washauona mkono. Nataka mlio na jiwe vije pamoja. Piga wewe."

Sikuelewa. Wallahi sikuelewa, au moyo ulikataa kuelewa. Nikaweka kinu juu ya jiwe bapa, nikapiga kama nilivyomuona akipiga, polepole, kisha mbio. Kilima kikatembea. Walikuwa wachache mno. Kipembe alitangulia, akashuka bila shaka yoyote, akavuka majani makavu yasiyokuwa na cha kuliwa, akaja, masikio mbele.

Jirani akamngoja mpaka akawa karibu. Kisha akainua mkono akamtupia jiwe.

Nilipiga ukelele, nikautupa mchi.

"Piga!" alinifokea. Hajawahi kunifokea. "Usiache, mwanangu, piga! Wasikie kinu na jiwe kwa pamoja!"

Nikaokota mchi. Nikapiga, machozi yananitoka, na yeye anatupa, anatupa, mzee yule, mengine yanaanguka mbali na mengine yanapata. Waliobaki waligeuka wakapanda kilima mbio. Kipembe hakwenda. Alirudi nyuma kidogo akasimama, anatutazama, kama mtu aliyeitwa kwenye nyumba ya watu akakuta ugomvi, anangoja uishe. Jirani akamsogelea na jiwe mkononi.

"Ondoka," akamwambia. "Ondoka kwangu! Sikualiki tena! Ondoka!"

Akatupa, jiwe likampata ubavuni, nikausikia mlio wake. Akaruka, akapanda kilima, akapotea kwenye mawe.

Nikauweka mchi chini. Miaka yote niliyomjua, fundi alilala kwake, wauaji walikula kwake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa ondoka. Sikuweza kumtazama usoni. Tulikaa mpaka jua likaanza kugusa milima, tende kwenye kibakuli hazijaguswa, kahawa imepoa kwenye chupa.

"Sasa piga tena," akasema kwa sauti ndogo.

Nikapiga. Polepole, kisha mbio, kwa nguvu zangu zote. Sauti ikaenda mpaka mwisho wa wadi ikarudi. Tukangoja, tukaangalia mawe. Hakuja hata mmoja.

"Alhamdulillahi," alisema Jirani, akajifunika uso kwa kilemba chake.